Msawazo wa kikemia: anza na uwiano, upande utajionyesha wenyewe

Wanafunzi wangu wengi huja na wimbo mmoja kuhusu msawazo, yaani hali ya mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa: "Ukiongeza huku, inaenda kule." Wimbo huo huwavusha maswali mawili matatu, kisha la nne linawaangusha. Nafundisha kemia na majaribio nayaandaa mwenyewe, na hii hapa ndiyo njia ninayotamani kila mtu aanze nayo.

Kabla ya kujibu lolote, andika mlingano na uandike upande upi unatoa joto. Tuchukue gesi hizi:

N₂O₄ ⇌ 2NO₂

N₂O₄ haina rangi, NO₂ ni ya kahawia. Kuvunjika kunafyonza joto, kuungana tena kunalitoa. Kwenye msawazo hakuna kilichosimama: molekuli zinavunjika na kuungana muda wote, ila kwa kasi sawa, ndiyo maana rangi inatulia.

Sasa andika uwiano: mkolezo wa NO₂ (kiasi chake ndani ya kila lita) uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mkolezo wa N₂O₄. Halijoto isipobadilika, msawazo unaikubali thamani moja tu ya uwiano huo, tunayoiita K. Ukivuruga chochote, mmenyuko unaelekea upande utakaourudisha uwiano kwenye K. Kanuni ambayo Mfaransa Le Chatelier aliitoa mwaka 1884, kwamba mfumo hupunguza badiliko uliloletewa, inaeleza hayo kwa maneno. Mimi huanza na uwiano kwa sababu haunidanganyi.

Tazama. Sirinji ya kioo imejaa gesi hiyo, mdomo umezibwa. Sukuma mpaka ujazo ubaki nusu. Palepale mikolezo yote miwili imekuwa maradufu: juu tuna 2 × 2, yaani 4, chini tuna 2. Uwiano umekuwa mara mbili ya K. Ili ushuke, NO₂ ipungue na N₂O₄ iongezeke. Macho nayo yanaona hivyo hivyo: kahawia inakolea ghafla, halafu inaanza kufifia. Ila ukiitazama kwa ubavu, haififii mpaka kufikia rangi ya mwanzo. Mfumo unapunguza badiliko, haulifuti. Neno hilo "hupunguza" ndilo watu wanaloliruka, na ndilo lenye alama kwenye mtihani. (NO₂ ni sumu. Jaribio hili ni la ndani ya kabati la kunyonya gesi, si la mezani.)

Kwa vimiminika napenda kobalti kloridi. Ndani ya maji, ayoni ya kobalti huzungukwa na molekuli 6 za maji na kuwa ya waridi. Kloridi ikiwa nyingi, ayoni 4 za kloridi zinachukua nafasi ya maji na rangi inakuwa buluu. Kwenda kwenye buluu kunafyonza joto. Vaa glavu na miwani, kwa kuwa kobalti ni sumu na asidi inaunguza, kisha dondoshea asidi hidrokloriki kali mpaka upate zambarau. Gawa kwenye neli kadhaa na uache moja ya kulinganishia. Ukiiweka moja kwenye maji ya moto, inakuwa buluu. Kwenye barafu, waridi. Ukiongeza maji, waridi tena. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la matone ya silva nitreti: mashapo meupe yanazama, na myeyusho juu yake unageuka waridi. Kobalti haijaguswa kabisa. Tumeipora kloridi tu, na mmenyuko ukarudi nyuma kuifidia.

Mwaka wangu wa pili kazini niliandaa zambarau nzuri mchana, asubuhi nikaikuta ya waridi. Nikaimwaga yote nikiamini nimekosea vipimo, nikaanza upya wakati darasa linasubiri. Chumba kilikuwa kimepoa usiku, basi. Dakika chache ndani ya maji ya uvuguvugu zingetosha.

Hapo ndipo halijoto inapojitenga na mengine. Mkolezo na kanieneo vinavuruga uwiano huku K ikibaki ilivyo. Halijoto inabadilisha K yenyewe. Ukipasha moto, upande unaofyonza joto unanufaika.

Yasiyosogeza msawazo ni machache. Kichocheo huharakisha pande zote mbili sawasawa. Kuongeza kitu kigumu ambacho tayari kipo hakubadilishi kitu. Kuingiza agoni, gesi isiyomenyuka na chochote hapo, kwenye chombo chenye ujazo usiobadilika hakugusi mikolezo, japo kanieneo ya jumla inapanda. Hili la agoni huwakamata hata walio wazuri.

Ukishazoea, jipime kwa amonia: N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, inayotoa joto. Molekuli 4 za gesi zinakuwa 2, hivyo kanieneo kubwa inasaidia, na viwandani hufika kama atmosfia 200. Baridi nayo ingeongeza amonia, lakini mmenyuko ungekwenda polepole mno. Ndiyo maana wanatumia nyuzi 400 hadi 450 za Selsiasi pamoja na kichocheo cha chuma. Kisha mchanganyiko unapozwa, amonia inakuwa kimiminika na kuondolewa, na gesi zilizobaki zinarudishwa ndani. Andika uwiano wake, ondoa NH₃ kwa kalamu yako, uone unaelekea wapi.