Unataka kuhamisha ruta ya faiba? Boksi liache, vuta waya

Hii kesi ipo kila mtaa wa Dar siku hizi. Fundi wa faiba kaja, katoboa ukuta pale palipomrahisishia yeye, mara nyingi sebuleni karibu na dirisha, kafunga boksi (ndo ruta yenyewe) kaondoka, na wewe unafanyia kazi chumba cha mwisho kabisa huko nyuma ambako waifai inafika imechoka kwa sababu imepita kuta tatu za tofali la saruji. Wengi wanachowaza ni kung'oa boksi lote walisogeze. Mi nakwambia usiling'oe, liache hapohapo, vuta waya wa netiweki wa kawaida kutoka kwenye boksi mpaka chumbani, huko mwisho funga ruta ya pili.

Sababu ni kwamba ule waya mwembamba unaoingia kwenye boksi sio shaba, ndani kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Hauungwi kwa selotepu, kwa kawaida unataka mashine maalum ya kuyeyusha kioo kwa cheche ya umeme. Ukiukunja kona kali mwanga unavuja na taa ya LOS, yaani ya kuonya kuwa mwanga haufiki, inawaka nyekundu, ndo basi intaneti hamna. Afu angalia kichwa chake, kikiwa cha kijani maana yake ncha imekatwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina huo mshazari, kwahiyo usichomeke kimoja kwenye tundu la kingine hata kama kinaingia. Na usichungulie ncha yake, ile ni leza, huioni ila jicho linaipokea.

Kama lazima boksi lihame, na kwenye ukuta kuna kisoketi kidogo kinachotoa kamba ya njano, unaweza kununua kamba ndefu zaidi ya aina ileile na vichwa vya rangi ileile. Kama hakuna kisoketi, piga simu kampuni waje wenyewe.

Haya, twende kwenye waya. Daraja la waya linaloitwa Cat5e linatosha nyumba nyingi, linapitisha gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, la juu yake ni Cat6 ukiwa na hela kidogo ya ziada. Shida sokoni ni nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, za bei nzuri sana, zinavunjika ukizikunja kunja na kwenye umbali mrefu zinasumbua. Kabla hujalipa omba ukwangue uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, mrudishie. Pima njia kwa kamba kwanza, pandisha na shusha kona zote, ongeza mita mbili tatu.

Njia nzuri ni juu ya dari kama ipo, au pembeni chini ya ukuta ndani ya ule mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya. Usiubane pamoja na waya wa umeme, acha nafasi kama shubiri hivi, na ikibidi vipishane basi vipishane msalaba, visitembee sambamba. Kutoboa ukuta kwepa mstari wa juu na chini ya soketi na swichi, maana mabomba ya umeme huwa yanapita hapo wima. Tobo la kutokea nje liinamishe kidogo kuelekea nje, mvua isiingie. Nyumba ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya drili. Na pitisha waya kabla hujafunga vichwa, kichwa kinataka tobo kubwa bure.

Kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha kuchomeka mwisho wa waya, ndo watu wengi wanapoharibu. Chuna ganda la nje, fungua zile jozi nne, nyoosha nyuzi, afu zipange kutoka kushoto huku kile kilimi cha plastiki kikiangalia chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ndio, kijani kinatengwa na bluu inaingia katikati, usizipange kwa uzuri wa macho. Kata ncha zilingane, usiache zaidi ya sentimita moja na kidogo zimefunguka, sukuma mpaka uone shaba imegota mbele kabisa, na hakikisha ganda la nje nalo limeingia ndani ya kichwa ndo ubane na koleo lake. Upande wa pili mpangilio uleule. Kama huna koleo wala tesita, mpe fundi simu au fundi kamera wa mtaani, ni kazi ya dakika chache kwake.

Ruta ya pili sasa. Kabla hujaiunga na ya kwanza, ingia kwenye mipangilio yake kwa kompyuta, zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani, iachie ruta ya kwanza), badilisha anwani yake isigongane, mfano ya kwanza ni 192.168.1.1 basi hii ipe 192.168.1.2 ila hakikisha hiyo namba haigawiwi na ruta ya kwanza. Waya utokao kwenye boksi uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), sio lile la WAN (la kuingizia intaneti) lenye rangi tofauti. Ruta mpya nyingi zina chaguo la akses pointi, yaani ruta isambaze waifai tu, linalofanya haya yote lenyewe, angalia kwanza. Jina la waifai na nywila weka zilezile, chaneli ndo utofautishe, moja 1 nyingine 6 au 11.

Ukimaliza angalia kompyuta inaonyesha spidi gani ya waya. Ikisema megabiti 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, kuna jozi haijakamata, rudia kichwa kimoja. Kama unavuta kwenda nyumba ya uani, shaba ya nje nje inaita radi, huko bora faiba au zile antena mbili za kutazamana.