Somo: Kujiandaa kwenda kurusha ndege kwa mkataba nje ya nchi, ukitokea Kigoma

Somo hili ni la rubani wa Kitanzania mwenye leseni ya biashara, ambaye ameitwa kazi ya mkataba Goma, Juba, Nairobi au kwingineko barani, na kwao ni huku magharibi. Naandika nikiifikiria Kigoma kwa sababu ndiko nyumbani, lakini wa Tabora na Mpanda nanyi ni yale yale. Najua wengi mngependa nianze na mshahara. Mshahara utauona kwenye karatasi. Yanayotuumiza ni yale yasiyoandikwa, na mengi yanazibika kabla hujafunga begi.

Hatua ya kwanza: uliza usajili wa ndege

Kabla hujauliza utalala wapi, uliza ndege imesajiliwa nchi gani. Utaijua kwa alama za mwanzo za namba yake: 5H ni ya kwetu, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, 9U Burundi. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka leseni ya rubani wa safari za kimataifa iwe imetolewa, au imehalalishwa, na nchi ilikosajiliwa ndege. Haijalishi unaishi wapi wala ofisi ya mwajiri iko wapi. Ukiitwa Juba kurusha Caravan (ndege ndogo ya Cessna yenye injini moja) ya 5Y, wa kukuhalalishia leseni ni mamlaka ya anga ya Kenya.

Mamlaka hiyo itataka uthibitisho kutoka TCAA, mamlaka ya anga ya kwetu, kwamba leseni yako ni hai. Usingoje waulizane wenyewe. Omba mapema, fuatilia, tunza nakala. Mwajiri akikwambia "anza tu, karatasi zitafuata," usianze. Ndege ikipata ajali siku hiyo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu hiyo moja, na aliyekuwa kwenye usukani ni wewe.

Tena, Jumuiya ya Afrika Mashariki isikudanganye. Sudan Kusini iliingia 2016 na Kongo 2022, lakini kuvuka mpaka kirahisi ni jambo moja na kibali cha kazi ni jingine. Kwa wanaokwenda Kongo au Burundi, ubalozi mdogo wa kila nchi upo hapa hapa Kigoma mjini. Nenda ukaulize uso kwa uso.

Hatua ya pili: karatasi zako

Hapa sitakaa sana. Pasipoti yenye zaidi ya miezi sita na kurasa tupu za kutosha. Hati ya tabia njema kutoka Polisi. Cheti cha homa ya manjano, ambacho huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Kitabu cha saa za kuruka, kila ukurasa upigwe picha na uhifadhiwe mahali pawili. Kiwango cha 4 cha Kiingereza cha anga hupimwa upya kila miaka mitatu, angalia chako kinaisha lini.

Cheti cha afya daraja la kwanza kitazame kwa makini zaidi. Kwa kawaida ni miezi 12, lakini ukishafika miaka 40 na unabeba abiria ukiwa rubani peke yako, kinashuka hadi miezi 6. Caravan nyingi hurushwa na mtu mmoja. Kwa hiyo panga likizo zako ziangukie tarehe za kupimwa na daktari anayetambuliwa na mamlaka, usije ukajikuta porini cheti kimekufa.

Hatua ya tatu: mkataba, neno kwa neno

Hapa ndipo naomba utulie. Usome mara ya kwanza peke yako, mara ya pili na wakili, hata kama utamlipa kwa kukopa.

Tiketi ya likizo inaishia wapi? Mikataba mingi huandika "hadi nchi anayotoka", na kwao hiyo ni Dar. Kutoka Dar hadi Kigoma kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Siku za kwenda na kurudi zinatoka kwenye likizo yako na nauli mfukoni mwako. Dai iandikwe Kigoma, kwa jina.

Ndege ikilala gereji mwezi mzima unalipwa nini? Kama malipo ni ya saa za kuruka tu, utakaa hotelini ukila akiba. Tafuta mshahara wa msingi au idadi ya saa zinazolipwa hata usiporuka. Upande wa pili, saa zisizidi. Kanuni za nchi nyingi huweka kikomo cha saa 100 ndani ya siku 28, na mkataba unaokuahidi zaidi ya hapo unakuuzia uchovu.

Bima ndiyo kiini cha yote. Angalia kama kuna kusafirishwa ukiugua, fidia ya kifo na ulemavu, na fidia ukipoteza cheti cha afya. Kisha tafuta kifungu cha vita. Bima nyingi za kawaida haziwajibiki kwenye eneo la mapigano, na mikataba mingi inayolipa vizuri iko huko huko. Omba nakala ya bima yenyewe, barua ya mwajiri ya kusema ipo haitoshi.

Gharama za mafunzo ya aina ya ndege: ukiondoka mapema, unadaiwa kiasi gani, na deni linapungua kila mwezi au linakaa pale pale? Na pasipoti hukaa kwako. Wakitaka kukutunzia, wape nakala.

Anayekuomba "ada ya usajili" ili akupe kazi ni tapeli. Mfungie namba.

Hatua ya nne: mwili na mfuko

Kukulia Kigoma hakukukingi na malaria. Dawa za kinga zinafaa, ila si zote kwa rubani. Meflokwini, inayouzwa pia kwa jina la Lariam, hairuhusiwi kwa sababu inaweza kuvuruga akili na usawa wa mwili. Mwambie daktari wa anga unakwenda wapi, akuchagulie, na dawa yoyote mpya uianze ukiwa chini.

Dola beba safi. Kongo noti yenye kamchaniko hata ka ukucha inarudishwa mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Rubani kijana, Tabora: Kapteni, nina saa 230. Niombe sasa?

Jibu: Kwa saa hizo una leseni, bado hujawa mtu wa mkataba. Watakuuliza saa za injini ya tabaini, kama ya Caravan, na saa ulizokuwa kamanda, na anayeamua mara nyingi ni kampuni ya bima. Tafuta kiti cha rubani msaidizi hapa nyumbani kwanza, hata kama malipo ni madogo.

Mwanachama, Urambo: Viwanja vya udongo vinatisha kweli?

Jibu: Vinataka hesabu. Chukua Tabora yako: uwanja uko futi 3,900 hivi juu ya bahari, joto la kawaida la kimo hicho ni nyuzi 7. Oktoba saa nane mchana ni 32, yaani 25 zaidi. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuongeza futi 120 za kimo, kwa hiyo ndege inajiona iko karibu futi 6,900, kwenye hewa nyepesi zaidi. Sasa ondoa lami, weka udongo uliolowa na mlima mbele. Piga hesabu kila safari, na mzigo usiokubali uteremshe, mwenye mzigo akasirike.

Mwanachama, Kigoma: Kodi je? Nitakuwa nje muda mwingi.

Jibu: Wengi wanadhani chini ya siku 183 hudaiwi. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawepo nchini hata sehemu ya mwaka, sheria inakuhesabu mkazi, na mkazi hutozwa kwa kipato cha popote. Kodi uliyokatwa huko inaweza kuzingatiwa, kwa hiyo tunza stakabadhi zake. Nenda TRA kabla ya kuondoka.

Mama wa rubani, Ujiji: Mwanangu anaondoka mwezi ujao, ana mke na watoto wawili. Nimwambie nini?

Jibu: Shikamoo mama. Mwambie akae na mkewe wafanye mambo matatu. Hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili, ili mke aweze kushughulikia benki, shule na kiwanja bila kumsubiri. Wosia, unaoweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Na nakala ya mkataba na bima ibaki nyumbani, pamoja na namba za simu za watu wawili wa kampuni, si mmoja. Mkewe azipigie namba hizo kabla hajaondoka, ajue zinapokelewa.