Helmeti ya Baiskeli Ughaibuni: Unacholipia na Usicholipia

Dukani helmeti hupangwa kwa bei, na mtu aliyehamia ughaibuni karibuni, anayetafuta moja ya kwendea kazini, huona ni jambo la kawaida kuamini kwamba ya bei kubwa ndiyo salama zaidi. Imani hiyo haina msingi imara. Helmeti ya bei ya chini iliyothibitishwa imepita jaribio lile lile la lazima lililopitwa na ya bei ya juu, na pesa ya ziada mara nyingi huenda kwenye wepesi, matundu mengi ya hewa na jina la kampuni. Kuna jambo moja lisilonunulika kwa pesa yoyote, nalo ni kuifanya helmeti isiyolingana na umbo la kichwa chako ikukae sawasawa.

Anza na kibandiko kilicho ndani. Barani Ulaya kinapaswa kuonyesha kiwango cha EN 1078 pamoja na alama ya CE. Nchini Marekani, kila helmeti ya baiskeli iliyotengenezwa baada ya tarehe 10 Machi 1999 ni lazima itimize kanuni ya CPSC, tume ya shirikisho ya usalama wa bidhaa, na iandikwe hivyo. Australia na New Zealand zina kiwango chao cha pamoja, AS/NZS 2063, kwa hiyo anayehamia huko na helmeti aliyoinunua kwingine aangalie kwanza kanuni za jimbo lake. Majaribio yenyewe yanafanana: helmeti huvishwa kichwa cha bandia, kisha vyote viwili huangushwa juu ya chuma. Wamarekani huangusha kutoka mita 2 juu ya chuma bapa, na Ulaya kutoka takriban mita 1.5, ila Ulaya hutaka mshtuko unaofika kichwani usizidi mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia, ilhali Marekani hukubali hadi mara 300. Tofauti hizo si sababu ya mtu wa kawaida kuagiza helmeti ng'ambo. Zile zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, bila kibandiko wala jina la mtengenezaji, hata zipendeze vipi kwenye picha, ni mapambo tu.

Sheria za uvaaji hutofautiana sana. Australia na New Zealand humlazimisha mtu mzima pia, na faini hutozwa. Ufaransa tangu mwaka 2017 huwalazimisha watoto walio chini ya miaka 12, na Sweden walio chini ya miaka 15. Uingereza hushauri bila kulazimisha. Japani, tangu Aprili 2023, humtaka kila mwendesha baiskeli ajitahidi kuvaa, lakini hakuna adhabu. Marekani na Kanada huliacha suala hilo kwa majimbo, na mengi hulenga watoto na vijana. Uholanzi wenyeji wengi hawavai kabisa, kwa hiyo usishangae ukijikuta peke yako mwenye helmeti kwenye taa za barabarani.

Sasa tuje kwenye kichwa, maana hapa ndipo watu hukosea. Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kichwani kama sentimita moja juu ya nyusi na kupitia sehemu ya kisogo iliyochomoza zaidi, kisha ulinganishe kipimo hicho na saizi zilizoandikwa. Usiishie hapo, kwa sababu vichwa viwili vyenye sentimita 57 vinaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa: kimoja cha mviringo, kingine kirefu kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Ukivaa helmeti ikakubana pajini na kisogoni huku pembeni, juu ya masikio, kukiwa na nafasi ya kuingiza vidole, basi imetengenezwa kwa kichwa cha mviringo kuliko chako, na kuchukua saizi kubwa zaidi hakutakusaidia, kwa kuwa itabaki kucheza. Jaribu ya kampuni nyingine. Muuzaji akikuambia kwamba italegea kadiri unavyoivaa, usimsikilize: sponji laini za ndani hunywea kidogo, lakini povu gumu lililo chini ya ganda la nje halibadiliki umbo kwa kuvaliwa.

Ikikukaa vizuri, huwa bapa kichwani, ukingo wake wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi, si kusukumwa nyuma kama kofia ya matembezi. Kaza gurudumu dogo la kisogoni, kisha, kabla ya kufunga mkanda wa kidevuni, inama na utikise kichwa; isianguke. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio, na kati ya mkanda na kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Piga miayo: ukihisi helmeti ikivutwa chini kidogo, mkanda uko sawa. Kaa nayo dukani dakika kumi au zaidi, kwa sababu maumivu ya paji la uso hayajitokezi mara moja.

Wenye misuko, rasta au nywele nyingi wapime kichwa na kuijaribu helmeti wakiwa na mtindo watakaoendeshea, na kifundo kishushwe shingoni, kwa kuwa kifundo cha utosini huiinua helmeti na kuacha paji la uso wazi. Hijabu ya kitambaa chembamba, isiyo na pini chini ya helmeti, haina tatizo lolote. Wakati wa baridi ni vivyo hivyo: kofia nyembamba inayobana inafaa, kofia nene ya sufu haifai.

Kuhusu teknolojia za ziada, inayokutwa zaidi ni MIPS, ubunifu wa Sweden, ambao ni tabaka jembamba la ndani linaloiacha helmeti iteleze milimita 10 hadi 15 pale kichwa kinapogonga chini kwa mshazari. Wazo lake lina mantiki, kwa kuwa watu wachache huanguka wima kama kichwa cha maabara, na siku hizi hupatikana hata kwenye helmeti za bei ya kati. Kama ningekuwa na pesa kidogo ya kuongeza, ningeiweka hapo kabla ya kuiweka kwenye wepesi. Chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani huzipima helmeti na kutoa matokeo bure mtandaoni kwa nyota, tano zikiwa za juu kabisa, na humo utaona baadhi ya helmeti za bei ya chini zikipata nyota sawa na za bei mara kadhaa. Mwenye baiskeli ya umeme inayofika kilomita 45 kwa saa atafute iliyothibitishwa kwa NTA 8776, kiwango kilichobuniwa Uholanzi kwa ajili ya mwendo huo.

Mahali pa kubana matumizi si kwenye helmeti za mtumba. Povu la helmeti hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, wala nyufa zake hazionekani kila mara kutoka nje. Helmeti usiyoijua historia yake usiivae. Afadhali usubiri punguzo la mwisho wa msimu, rangi ya mwaka uliopita ikishuka bei. Uingereza haitozi VAT kwenye helmeti za baiskeli, na mpango wa Cycle to Work, kama ule wa Ireland, huruhusu mwajiriwa kuipata pamoja na baiskeli kupitia mwajiri kwa unafuu wa kodi.

Mtoto asinunuliwe saizi ya kukulia. Na avue helmeti kabla ya kupanda bembea au ngazi za uwanja wa michezo, kwani mikanda inaweza kunasa na kumning'iniza.

Ioshe kwa maji na sabuni laini, bila spiriti wala petroli, na usiianike juu ya hita au kuiacha ndani ya gari juani. CPSC hushauri ibadilishwe kati ya mwaka wa 5 na wa 10 hata bila ajali, na baada ya kugonga chini, papo hapo. Tunza risiti, kwa kuwa kampuni kadhaa hukupunguzia bei ya helmeti mpya ukionyesha kwamba ya zamani iliharibika katika ajali.