Kukagua bamba la kauri la fulana ya kuzuia risasi kabla ya zamu

Bamba la kauri hufanya kazi kwa kuvunjika. Risasi ya bunduki inapoligonga hukuta uso mgumu kuliko kiini chake cha chuma, ncha ikawa butu au ikakatika. Kauri nayo hupasuka kwa umbo la koni linalopanuka kuelekea nyuma, kwa hiyo kishindo kilichokuwa kwenye ncha husambaa juu ya eneo pana la tabaka la nyuma la aramidi (nyuzi imara sana) au poliethilini (aina ya plastiki). Tabaka hilo ndilo linalodaka vipande. Kauri huvumilia mno kukandamizwa lakini ni dhaifu ikipindwa au kuvutwa, ndiyo maana bamba lililodondoka sakafuni laweza kuonekana zima kumbe ndani lina ufa, na pale penye ufa koni haitanuki inavyopaswa.

Mlinzi wa gari la fedha, hapo Kariakoo au Posta, lichomoe bamba kwenye mfuko wa fulana. Pitisha vidole kwenye pembe zote: kitambaa kilichobonyea au gundi iliyoachia ni dalili mbaya. Shika pembe mbili zinazokabiliana kimshazari, lipinde kidogo sana huku umelisogeza sikioni. Likikwaruza kwa ndani, liweke kando. Halafu ligonge kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu, kama mnunuzi wa chungu sokoni. Sehemu yenye mlio mfu itilie shaka. Lenye sponji juu hufifisha mlio, hivyo jibu la uhakika ni eksirei.

Wepesi usikutishe. Kauri ya sentimita 25 kwa 30, unene milimita 8, ikiwa ya alumina ina kilo 2.3 hivi, ya boroni kabaidi ni kilo 1.5, ngumu zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Soma lebo. Upande ulioandikwa wa kupokea risasi ukae nje. Ukiligeuza, risasi inakutana na tabaka laini kwanza. Likiandikwa ICW (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya “pamoja na”), halitoshi peke yake, lazima fulana laini iwe chini yake. Kiwango cha IV cha NIJ, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi, hupimwa kwa risasi ya kutoboa chuma yenye kasi ya mita 878 kwa sekunde.

Usiliache kwenye gari lililofungwa juani: joto hulegeza gundi na poliethilini. Jasho lifute kwa kitambaa kibichi kidogo, usililoweke, kisha lilaze kivulini. Lililokwisha kupigwa risasi halirudi kazini, hata kama tundu ni moja.