Somo: Kupiga skrinishoti kwa vitufe vya kibodi, bila kupakua programu

Steshenari za Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Igoma, bado zinaletewa picha za kioo cha kompyuta zilizopigwa kwa simu: zimepinda, zina mistari mistari, namba ya malipo haisomeki. Mistari hiyo hutokea vidoti vya kioo vinapogongana na vya kamera, kwa hiyo hata simu ya bei mbaya haiikwepi. Kompyuta hujipiga picha ya kioo chake yenyewe; hiyo ndiyo skrinishoti.

Kwenye Windows 10 na 11:

1. Fungua ukurasa, shusha au pandisha hadi unachokitaka chote kionekane. Kilicho nje ya kioo hakitaingia.
2. Shikilia kitufe cha Windows, gonga PrtSc (Print Screen, kitufe cha kupiga picha ya kioo) mara moja. Kioo kitafifia kidogo na kurudi. Faili ya picha (PNG) iko kwenye Pictures, ndani ya folda ya Screenshots.
3. Ukitaka kipande tu, bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja. Kioo kikiingia giza, buruta kipanya kuzungushia sehemu yako, achia, kisha nenda Word au WhatsApp ya kompyuta ubonyeze Ctrl na V.
4. Dirisha moja tu: Alt na PrtSc, halafu Ctrl na V.

Wengi hukwama hapa: kwenye Windows 10, PrtSc ikigongwa peke yake haitengenezi faili. Picha inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, na ukikopi hata neno moja baadaye, picha imeondoka. Umeme ukikatika, vilevile. Kwa hiyo risiti au namba ya malipo ipigwe kwa hatua ya 2, usibahatishe. Ukiwasha historia ya kukopi kwa Windows na V, itatunza vitu 25 vya mwisho, ila haiwezi kurudisha ulichokopi kabla hujaiwasha.

Maswali ya wanachama

Mwangaluka mwalimu. Laptopu yangu nikigonga PrtSc kimya kabisa.
— Mwangaluka. Angalia kama kitufe hicho kimeandikwa maneno mawili. Kama ndivyo, ongeza Fn: Fn, Windows na PrtSc. Ikigoma, Windows, Shift na S haihitaji PrtSc kabisa.

Kaka, mimi PrtSc inaniletea kidirisha cha kukata, zamani haikuwa hivyo.
— Ni Windows 11. Ingia Settings, Accessibility, Keyboard, uzime swichi inayoitaja Print screen.

Folda ya Screenshots siioni.
— Kama OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inafanya kazi, huenda imehamishia Pictures kwake. Itafute humo.

Na sisi wa Mac?
— Command, Shift na 3 kwa kioo kizima. 4 badala ya 3 kwa kipande. Faili inatua juu ya eneo-kazi (Desktop).

Naficha namba ya NIDA kwa kalamu ya kuangazia, inatosha?
— Haitoshi, dada. Wino wake unapitisha mwanga. Mtu akiongeza ung'avu anaisoma. Kata sehemu hiyo, au iweke kisanduku cheusi kisichopitisha kitu.

Nikiituma WhatsApp maandishi yanakuwa na ukungu.
— WhatsApp huibana picha. Itume kama Document, itafika na ubora wake wote. Steshenari watachapa kitu kinachosomeka.