Jinsi ya kutoa taarifa unaposhuku mtoto anasafirishwa kiharamu

Wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba huwezi kwenda polisi bila ushahidi. Unaweza. Kutafuta ushahidi ni kazi ya polisi. Yako ni kusema ulichokiona, mapema, mtoto akiwa bado yupo mahali anapoweza kupatikana.

Pima hali kwanza. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, au ndio anapandishwa gari, piga namba ya dharura ya polisi papo hapo. Haya mengine yatasubiri.

Kama una nafasi, chukua karatasi. Andika tarehe, saa na mahali. Andika alama za mtoto: umri wa kukadiria, mavazi, lugha anayozungumza, kovu kama analo. Andika pia sura ya mtu mzima aliye naye, namba ya gari na njia waliyoshika. Hapa usiharakishe, maana taarifa nyingi hufa kwa kuandikwa juu juu. Ukisema "anateswa", mpelelezi hana pa kushika. Ukisema "nimemwona siku nne mfululizo akichota maji kabla ya alfajiri, peku, na nikimsalimu humtazama kwanza mwenye nyumba ndipo aitikie", umempa pa kuanzia. Ulichokiona kiwe peke yake, ulichosikia peke yake, na unachodhani peke yake.

Utaambiwa kwamba mtoto alikubali mwenyewe, au wazazi ndio waliomtoa, tena kwa ndugu. Usirudi nyuma. Protokali ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, ambao wengine huuita ulanguzi, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Inasema kumchukua, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea mtoto ili anyonywe, yaani atumikishwe kwa faida ya wengine, ni usafirishaji haramu hata kama hakuna aliyetumia nguvu wala udanganyifu. Ridhaa yake haibadilishi kitu, na si lazima awe amevushwa mpaka. Anayempokea na kumficha naye yumo.

Kisha peleka taarifa kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto kama lipo, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kenya, Tanzania na Uganda zina simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, na kupiga ni bure. Ukiwa mpakani au uwanja wa ndege, mwendee afisa uhamiaji aliye karibu. Kama unamshuku mtu mwenye cheo katika ofisi fulani, nenda ofisi nyingine.

Ukifika, sema wazi: "Nashuku mtoto huyu anasafirishwa ili anyonywe." Ukianza na "nina tatizo la jirani", huenda ukaandikiwa ugomvi wa majirani. Kama unaogopa, omba jina lako lifichwe, na uulize ni nani atakayeliona. Maelezo yakishaandikwa, omba usomewe au usome mwenyewe kabla ya kutia sahihi, palipokosewa, parekebishwe. Usiondoke bila namba ya kumbukumbu na jina la afisa aliyekupokea.

Kuna mambo mawili nakusihi usiyafanye. Usimkabili mtuhumiwa, kwa sababu usiku huohuo mtoto anaweza kuhamishwa. Na usisambaze picha ya mtoto kwenye makundi ya simu, hata kwa nia njema: picha hiyo inamwonya anayemshikilia, na itamfuata mtoto hata atakapokuwa salama.

Mtoto akikusogelea mwenyewe na kuanza kusema, msikilize bila kumhoji. Usimwahidi kwamba utaifanya siri. Mwambie utamweleza mtu anayeweza kumsaidia. Mwambie pia kwamba hana kosa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, kwa hiyo muulize anachokiogopa zaidi, ukiandike kwa maneno yake mwenyewe. Kuna watoto wanaoogopa kurudishwa nyumbani kuliko kubaki walipo, na afisa anahitaji kulijua hilo kabla hajaamua mtoto alale wapi.

Baada ya siku mbili tatu, rudi au piga simu ukitaja namba yako ya kumbukumbu. Usipopata jibu, mwone mkuu wa kituo au ofisi ya ustawi wa jamii ya ngazi ya juu. Ukimwona tena mtoto palepale, andika tarehe na saa, urudi na namba ileile.