Michezo ya Milango ya Fahamu kwa Watoto Wadogo Kuelekea Idi

Siku chache kabla ya Idi, nyumba nyingi za Unguja na Pemba hujaa harufu ya iliki, ya visheti vinavyokaangwa na ya nguo zinazofukizwa udi, na mtoto wa miaka miwili huambiwa kila mara akae mbali asiharibu kazi. Somo hili linaeleza namna ya kumpa naye kazi yake, kwa kuwa mtoto wa umri huo hufahamu zaidi kwa kushika, kunusa na kusikiliza kuliko kwa kuelezwa. Hakuna haja ya kununua vifaa. Mpango wa Madrasa wa Malezi ya Awali, ulioanza kazi Zanzibar mwaka 1990, umewafundisha walimu wengi wa skuli za maandalizi kutumia vitu vilivyowazunguka, na nyumbani inawezekana vilevile.

Hatua ya kwanza ni unga wa kufinyanga. Changanya katika sufuria vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vya mafuta ya kupikia na vijiko 2 vya maji ya ndimu. Weka moto mdogo, ukoroge kwa mwiko bila kuacha mpaka uwe donge moja lisiloshika sufuria. Kupika kuna sababu yake: unga mbichi huweza kubeba vijidudu vinavyoharisha, na watoto hawa hupeleka mikono mdomoni. Ukishapoa, ukande na uugawe. Sehemu moja itie bizari ya manjano, nyengine mafuta kidogo yaliyosuguliwa mbegu za zingifuri, na ya tatu iache nyeupe, uitie iliki ya unga kwa harufu. Unaposukuma visheti vyako, mkalishe karibu kwenye mkeka, mbali na karai la mafuta ya moto, umpe kibao na donge lake asukume na kubonyeza apendavyo. Naomba sana msimsahihishe umbo, kwani faida ya mchezo iko vidoleni mwake.

Hatua ya pili ni vifurushi vya kunusa. Funga mdalasini, mchaichai, asumini na mrehani katika vipande vya kitambaa chepesi, kila kimoja peke yake, ukaze fundo kwa uzi. Mnusishe kimoja, ngoja, kisha kingine; ukimpa vyote pamoja pua yake haitatenganisha kitu. Kwa udi, mnusishe kanga iliyokwisha kufukizwa, wala usimsogeze kwenye chetezo, kwa sababu ya kaa la moto na ya moshi unaoumiza kifua.

Hatua ya tatu inawafaa waliofika miaka 3. Tia ndani ya mkoba wa ukili kofia ya viua, kipande cha usumba, kifuu kilichosuguliwa na kitambaa laini cha nguo mpya ya sikukuu, kisha mtoto atie mkono bila kuchungulia na aseme alichoshika na kilivyo: kinakwaruza, kinateleza, ni kizito.

Mwisho, besheni lenye maji ya kina cha vidole viwili, maua ya asumini na kata ya kuchotea. Usiondoke hata kidogo, na mwaga maji mara mchezo unapokwisha, maana mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache.

Maswali ya wazazi na walezi

Mama kutoka Wete: Mwalimu, wangu ana miezi 16. Nimpe karafuu achezee?

Jibu: Hapana, mama. Karafuu nzima, punje za iliki na maharage mabichi humpalia mtoto wa chini ya miaka 3. Ainuse mkononi mwako. Mafuta ya karafuu yafungiwe juu kabisa, kwani hata kiasi kidogo kikimezwa humdhuru vibaya.

Bibi kutoka Makunduchi: Mwanangu, kuchezea unga si israfu?

Jibu: Shikamoo bibi. Hoja yako ni ya haki. Chumvi huuhifadhi unga huo kwa wiki kadhaa katika kopo lenye kifuniko, kwa hiyo pika mara moja tu. Anayeona bado ni vibaya atumie mchanga wa pwani uliochekechwa na kuloweshwa.

Baba kutoka Fuoni: Je, hina tumpe mwenyewe ajichoree?

Jibu: Piko, ile rangi nyeusi ya kujichorea kama hina, msimpake kabisa, kwa kuwa dawa iliyomo huunguza ngozi. Hina ya majani nayo iepukwe kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, kwani huweza kuvunja chembe zake za damu. Msipojua hali yake, muulizeni daktari kwanza.

Mama kutoka Chake Chake: Wangu analia akiguswa na unga.

Jibu: Usimlazimishe, dada. Mpe kijiko au kijiti aubonyezee, wewe ucheze kwa mikono yako mbele yake, na siku nyengine umjaribu tena kwa donge kavu kidogo lisilonata.